Krismasi hii tuelekee Arua au Busia?

"Shikamoo mama mshauri. Nimeolewa mwaka wa nane sasa na tuna watoto watatu, wa miaka 11, 7 na 4. Tunaishi Kireka, pembeni mwa Kampala. Mume wangu ni Mlugbara wa Arua, mimi ni Msamia wa Busia, na nyumbani tunaongea Kiswahili kwa kuwa ndicho tulichokutana nacho. Krismasi zote tangu tuoane tumekwenda Arua, isipokuwa ile ya 2020. Baba yangu alifariki Februari mwaka jana. Mama amebaki na mjukuu mmoja tu na magoti yanamsumbua. Mwaka huu nimemwomba mume wangu twende Busia. Akasema ng'ombe walishafika kwetu, mimi sasa ni wa Arua, na mwacha mila ni mtumwa. Kaka zake wanachanga kununua fahali, fungu letu ni shilingi 300,000, na kazi yake ya umeme kwenye majengo imepungua tangu Julai. Mtoto wetu wa kwanza naye anasema hataki kwenda popote. Je, nikichukua watoto nikaenda Busia peke yangu nitakuwa nimekosea? Mama wa watatu, Kireka."

Marahaba, dada yangu, na pole tena kwa kuondokewa na mzee. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu ndipo nikahesabu miezi. Baba alifariki Februari mwaka jana, kwa hiyo Krismasi ya kwanza ya mama yako bila mumewe, wewe ulikuwa Arua. Hilo hukuliandika, lakini nadhani ndilo linalokuuma kuliko yote uliyoyaandika.

Sitakuzungusha. Kwa maoni yangu mwaka huu mwende Busia, nyote watano, na Arua mwende wakati mwingine ambao nitaueleza. Lakini hilo la kuchukua watoto na kuondoka peke yako, usilifanye. Sisemi huna haki. Nasema mama yako atakapowaona mnashuka kwenye taksi bila mkwe wake hatasherehekea. Atawapikia, atacheka na wajukuu, halafu usiku atakesha akijiuliza ndoa ya binti yake imefikwa na nini. Mjane wa juzi hastahili kuongezewa hilo.

Kazi hii ya kushauri wanandoa nimeifanya miaka 19, na kila mwaka mvua za Oktoba zikianza simu yangu hulia kwa jambo hili hili. Watu huja na majina ya mahali: Kabale au Soroti, Masaka au Gulu. Hubishania mahali kama wanaogombea mpaka wa shamba. Mimi huanza kwa kuwaondoa kwenye hayo majina. Kila mmoja nampa karatasi yake, nawakalisha mbalimbali, nawauliza jambo moja: usipokwenda, ni kitu gani hasa utakachokikosa? Siwakubalii waandike "familia" wala "nyumbani". Nataka kitu chenye saa yake na mtu wake.

Mume mmoja aliandika: asubuhi ya tarehe 25, kabla ya ibada, tunang'oa majani kwenye kaburi la baba, mama anaomba. Mkewe aliandika: jioni, sisi wanawake wa kwetu tukikaa kwenye mkeka nyuma ya jiko, tukichambua karanga na kucheka mpaka giza liingie. Walikuwa wamegombana miaka sita, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake hayo. Waliposomeana karatasi mume alinyamaza kidogo, akamwuliza mkewe, "Kumbe ni mkeka?" Lile la kaburi lilikuwa na siku yake na halikuweza kuhama. Lile la mkeka liliweza kuwa tarehe 29, maana wale wanawake hukaa kijijini mpaka mwaka mpya upite. Tangu siku ile hawajanipigia tena simu ya Desemba.

Mengi ya Krismasi yanahamishika, dada. Kuku anachinjika siku yoyote. Nguo mpya za watoto zinavalika hata tarehe 1 Januari. Ibada ipo Kireka, ipo Arua, ipo Busia. Yasiyohamishika ni machache, na hayo machache ndiyo yanayotakiwa kuamua safari. Kwako naliona moja lililo wazi kabisa: mama ambaye kiti cha mumewe kiko wazi, na hana mtu mzima wa kukaa naye mezani siku ambayo kila boma la jirani limejaa watu. Kule Arua, kwa jinsi ulivyoeleza, kuna kaka, wake zao na watoto wao. Mama mkwe wako atawakosa, naamini hivyo, lakini hatakosa watu.

Kabla hujampa shemeji, yaani mumeo, karatasi yake, jiulize jambo moja peke yako na ujijibu kweli. Unaililia Busia, au unaikimbia Arua?

Nauliza kwa sababu naijua Krismasi ya mke ukweni. Saa kumi na moja alfajiri uko mbele ya mafiga, kuni mbichi, moshi machoni, sufuria ya watu 30. Unasonga enyasa, ugali wa Kilugbara, mpaka mabega yanawaka. Unapiga magoti kumsalimu kila mzee anayeingia, unagawa, unaosha, unachota tena. Ukikaa kula, kwenye sufuria umebaki mchuzi. Mtoto wako wa miaka 4 amelala mgongoni kwa binti wa jirani kwa kuwa wewe tangu asubuhi huna mgongo wa kumbebea. Wakati huo shemeji yuko chini ya mwembe na kaka zake, wanakumbushana utoto wao, na kwake hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote za mwaka. Hadanganyi anaposema Arua ni kuzuri. Ameiona akiwa amekaa.

Ikiwa moshi ndio unaoukimbia, basi useme kama moshi. Usiufunike kwa jina la mama yako, kwa sababu Busia haitautibu, mwakani mafiga yatakuwa palepale. Mwambie mumeo: nikienda kwenu nachoka mpaka sikumbuki tumekula nini. Hayo yana dawa yake. Wake wa boma wanaweza kugawana siku, wasichana wawili wa kijijini wakalipwa kusaidia, wanaume wakachukua maji na kuni. Lakini ni lazima mumeo ndiye alizungumze na kaka zake. Mke akilisema mwenyewe ataitwa mvivu wa mjini. Na ikiwa yote mawili ni kweli, mama na moshi, usiyaseme siku moja. Anza na mama. Moshi uache mpaka mtakapopanga safari ya Arua.

Sasa tuje kwa shemeji. Neno lake la ng'ombe limekuumiza, na mimi pia halikunipendeza. Mahari ni heshima kati ya nyumba mbili, haiondoi uzazi. Katiba yetu ya Uganda ya 1995, kifungu cha 31, inawapa mume na mke haki sawa ndani ya ndoa, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika inakwenda kinyume na Katiba. Mke hakununuliwa. Nakueleza haya yakupe nguvu moyoni, usiyapeleke mezani. Mume akisomewa kifungu cha sheria wakati mnapanga Krismasi, masikio yake yanafungwa pale pale.

Na kuhusu mila, usibishane naye kwamba mila hazina maana. Mwulize kwa upole ni mila ipi. Wasamia nao wana zao, na mojawapo ni kwamba mkwe hafiki kwenye msiba wa baba wa mkewe, akala, akalia na watu, kisha akapotea miaka miwili kana kwamba nyumba ile ilizikwa pamoja na mzee. Mwanaume anayeheshimu mila huelewa neno kama hilo haraka kuliko kifungu cha 31.

Lakini nyuma ya ng'ombe mimi naiona Julai. Kazi imepungua tangu Julai. Nimewaona wanaume wengi wa namna hii, na jambo moja hurudi: mwaka ambao mfuko ni mwepesi ndio mwaka anaoshikilia zaidi kwenda kwao. Ungetarajia kinyume chake. Ila asipoonekana Krismasi, kijiji kitasema Kampala imemshinda, na hilo analiogopa kuliko deni. Kwa hiyo atakopa apate nauli, atakopa apate fungu la fahali, atafika na mkate, sukari na mche wa sabuni kwa kila nyumba, na Januari mtakula posho na chumvi. Ukiongea naye habari za mama yako huku yeye amebeba aibu hiyo, mtakuwa mnazungumza lugha mbili.

Basi anza na pesa, usiku mmoja watoto wakiwa wamelala, kabla hujataja mahali popote. Usianze kwa kumwuliza amepata ngapi. Wewe ndiye uanze kusema ulichonacho, hata kama ni kidogo. Kisha andikeni kwanza ada za muhula wa kwanza, kwa kuwa shule hufungua mwanzoni mwa Februari na mhasibu wa shule hajui Krismasi mlikula wapi. Ongezeni vile vya kubeba shuleni: karatasi, mifagio, sabuni. Ongezeni kodi ya Januari. Kinachobaki ndicho chenu cha sikukuu, na kama hakuna kinachobaki ni heri mkijue Oktoba kuliko mkijulie kituo cha basi.

Hapo ndipo barabara yenyewe itawasaidia kuamua. Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500. Mnaondoka alfajiri, mnapita Luweero, mnavuka Nile Karuma, mnaivuka tena Pakwach, halafu Nebbi, na mnaingia Arua mmechoka mchana mzima umekwisha. Busia ni kama kilomita 200: Jinja, Iganga, Bugiri, mmefika. Nauli za mabasi hupanda siku za mwisho kabla ya tarehe 25, na zikipanda zinapanda kwa viti vinne vyenu, maana hata mkimpakata mdogo wa miaka 4, wale wawili wakubwa watalipiwa. Kisha kuna kurudi. Shemeji ni fundi, hesabu anazijua. Mwachie kalamu azipige mwenyewe, usimpigie wewe.

Kuna wanaojaribu kufanya yote mawili katika wiki moja: tarehe 23 Busia, tarehe 26 Arua. Kutoka Busia unaweza kupanda kwa Tororo, Mbale, Soroti, Lira hadi Karuma bila kurudi Kampala, na kwenye ramani inavutia. Kwa watoto watatu siishauri kabisa. Watoto wataikumbuka kama Krismasi ya kutapika kwenye basi, na kila bibi atabaki na malalamiko kwamba mlikuja mmeshika mikoba mkononi.

Fungu la fahali lisikupite hivi hivi, kwa sababu ndilo linaloweza kumwokoa mumeo. Unajua hawa watu wa mafungu wanavyofanya: wanachanga mwaka mzima, wanamchinja fahali tarehe 24, nyama inapangwa kwa mafungu juu ya majani ya migomba, na kila aliyechanga anaitwa kwa jina achukue lake. Asiyechanga haitwi. Jina lisiloitwa ndilo linaloumiza, nyama yenyewe huliwa ikaisha. Kwa hiyo hata kama hamwendi Arua, changeni. Ikiwa 300,000 hazipo, shemeji ampigie kaka yake mapema aombe nusu fungu, na alipe kidogo kidogo kuanzia sasa. Siku ya tarehe 24 jina lake litaitwa, na mama yake atatuma mjukuu kupokea. Mkituma kwa simu ongezeni na pesa ya kutolea, maana mama mzee akikatwa pale kwa wakala anahisi kama kapunguziwa na mwanawe. Nimewaona waume waliokuwa wamekunja uso wiki nzima wakilegea pale tu walipoambiwa, "Fungu la mama lipo palepale."

Mkishakubaliana, swali linalofuata ni nani anabeba habari. Hapa ndipo ndoa nyingi hukosea. Habari ya kutokwenda Arua ipelekwe na mtoto wa Arua. Shemeji ampigie baba yake, kwa sauti yake, siyo kwa ujumbe, siyo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na siyo kupitia kwa wifi yako. Na aseme "tumeamua". Akisema "mama watoto anataka", amekuuza, na safari ya Arua ya miaka kumi ijayo utailipa wewe jikoni. Mwombe hilo waziwazi, mwambie hata maneno. "Baba, mwaka huu tunakwenda kumwona mama mkwe, bado yuko kwenye majonzi. Nitakuja kwako mwaka mpya." Wazee wengi husikia neno majonzi na kunyamaza. Nao wanazika.

Afanye hivyo mwisho wa Oktoba usipite. Na katika kipindi chote cha kungoja, nakuomba kwa moyo wangu wote, usimwambie mama yako "labda tutakuja". Usimwambie "tutaona".

Nikueleze kwa nini. Baba yangu aliishi upande wa Tororo. Mwaka mmoja, mimi na mume wangu tulikuwa hatujaamua, nikampigia tarehe 20 nikasema, "Baba, labda tutakuja, tutaona kazi inavyokwenda." Kwangu ilikuwa njia ya kutomvunja moyo. Kazi haikuruhusu, na tarehe 25 mtandao ulikuwa mbaya, sikumpata. Tulifika tarehe 28. Jogoo alikuwa bado amefungwa mguu kwa kamba kwenye nguzo ya jiko, mtama umemwagwa mbele yake, maji yake kwenye kifuniko cha ndoo. Soda alizotuma zinunuliwe zilikuwa bado kreti nzima pembeni ya mlango. Ndugu yangu aliniambia mzee alioga asubuhi ya Krismasi, akavaa koti lake, akakaa kwenye kiti chini ya mwembe akitazama njia mpaka giza, na watu wa jirani walipomwalika kula alikataa, akisema wageni wake wako njiani. Hakunilaumu. Alisema tu, "Nilijua barabara ni mbaya." Amekwisha kufa sasa, na mimi bado neno "labda" silitumii na wazee. Mzee hasikii "labda". Anasikia "tutakuja".

Kwa hiyo mama yako asijue chochote mpaka muwe mmeamua. Mkishaamua, mpigie siku hiyo hiyo, umtajie tarehe ya kufika na ya kuondoka.

Sasa jambo ambalo wengi hulisahau mpaka jua linapozama: shemeji atalala wapi? Kwenu Wasamia, kama kwa majirani wengi wa mashariki, mkwe wa kiume halali chini ya paa la mama mkwe wake. Huenda ndiyo sababu nyingine inayomfanya akatae, na huenda hajui namna ya kuisema. Maana fikiria, mwanaume anapelekwa mahali asipojua ataweka wapi kichwa. Lipatie jibu kabla hajauliza. Kama una kaka au baba mdogo mwenye nyumba yake bomani, ongea naye atenge chumba. Kama hakuna, Busia ni mji wa mpakani, nyumba za wageni za bei ya chini zipo. Usiku mbili au tatu hazitawamaliza, nanyi mchana mzima mko kwa mama.

Watu watakushauri umlete mama Kampala na kumaliza mzozo. Wanaosema hivyo hawajafikiria Kireka. Nyumba ya vyumba viwili, pazia katikati, choo cha pamoja uani, mkwe anatoka kuoga na taulo, mama mkwe amekaa mkekani mlangoni. Mama yako atakosa raha tangu siku ya kwanza na atasema magoti yamepona ili mradi arudi. Mlete akija hospitali. Krismasi mwendee.

Kuhusu mtoto wa miaka 11, usikimbilie kusema ni ukaidi wa umri. Mwulize, mkiwa wawili, labda mkimenya matoke, asikutazame usoni. Mtoto aliyekulia Kireka ana Kiswahili cha nyumbani, Kiganda cha mtaani na Kiingereza cha shule. Akifika Arua binamu zake wanaongea Kilugbara haraka haraka, wanamcheka akijaribu, na wazee wanauliza mbele ya watu, "Huyu ni wetu kweli?" Mtoto haitangazi aibu ya namna hiyo. Atasema tu hataki kwenda popote. Kama ndivyo, baba yake ndiye mwenye dawa: jioni kumi na tano kabla ya safari ya Arua, wamfundishe salamu, majina ya shangazi na baba zake wadogo, na maneno ya mchezo. Busia itakuwa rahisi kwake, kwa kuwa mpakani Kiswahili ndicho cha sokoni na jajja wake, yaani bibi yake, naamini anakiongea. Kubaki Kampala peke yake au kwa rafiki, umri huo, mimi sikubali.

Na Arua lini? Mwaka mpya. Shemeji anaweza kutoka Busia tarehe 28, akalala Kampala, akapanda Arua kwa ajili ya mkesha wa tarehe 31, peke yake au na huyo mkubwa kama ameshafundishwa na anataka. Siku hizo kaka zake bado wapo. Na kama boma lina mazungumzo ya ardhi au kumbukumbu ya marehemu, ambayo kwetu Uganda hupangwa Desemba kwa kuwa watu wote wamerudi, huyafanya Krismasi ikishapita, kwa hiyo atayawahi. Wewe na wadogo mwende likizo ya muhula wa kwanza, barabara zikiwa tupu na nauli zimeshuka. Mama mkwe wako atakuwa nanyi bila kugombea sufuria na watu 30, na huenda ikawa mara ya kwanza mkaongea nyinyi wawili mpaka mwisho.

Wengine watakuambieni mwekeane zamu, mwaka huu kwao, mwaka ujao kwenu. Mimi zamu siipendi. Kwa mwaka wa kwanza inaonekana ya haki, lakini nimeona inavyogeuka daftari la madeni: "Zamu yangu ililiwa na msiba wa mjomba wako, nirudishie." Misiba haiji kwa zamu, wala wagonjwa, wala kazi kupungua. Kaeni kila Septemba na karatasi zenu mbili, mwulizane upya mwaka huu ni lipi lisilohamishika.

Inawezekana baada ya haya yote akakataa. Usimwendee mchungaji kwanza, wala usilete ndugu zako, ataona kesi. Katika kila ukoo kuna mtu mmoja ambaye maneno yake humwingia mume, mara nyingi ni shangazi yake au kaka mkubwa aliyewahi kuuguza mkewe. Mwendee huyo, mweleze habari ya mama yako bila kumsema mumeo vibaya. Na ikishindikana kabisa mwaka huu, omba wiki moja ya Desemba kabla ya Krismasi. Shule hufunga mapema mwezi huo. Nenda Busia na wadogo wawili kwa ruhusa na kwa amani, mfagie kaburi la baba, rudini tarehe 20 mwende Arua. Utakuwa umelipata la kaburi na la mama, ijapokuwa siyo la siku yenyewe. Uamuzi wa kwenda siku yenyewe umebaki kwenu wawili, mimi nimesema ninavyoona.

La mwisho ni la mkono wa shemeji. Mtu asiye na pesa hupenda aingie ukweni na kitu, na yeye anacho. Ni fundi umeme. Nyumba ya mjane haikosi swichi iliyokufa, soketi inayocheza au jiko lisilo na taa, na tangu mzee aondoke sidhani kama kuna aliyezigusa. Kwa vyumba vya ndani ndugu yako mmoja atamshikia tochi na kuingia yeye, heshima ya mkwe ibaki mahali pake, lakini jikoni na barazani anaweza kufanya mwenyewe. Mkishaamua safari, mpigie mama umwulize ni taa zipi haziwaki na nyaya zimechakaa wapi, uandike, umpe shemeji orodha hiyo ili anunue balbu na waya huku huku Kampala.